Jibu: Mama yuko hatarini kuvunjika nyonga?

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 71 yuko hatarini kwa kuwa bibi mzaa mama alivunjika nyonga. Ndiyo, hilo lina uzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliofuatilia wanawake Wazungu 9,516 wa miaka 65 na zaidi, ulikuta hatari ya mwanamke wa namna hiyo ni kama mara mbili ya wenzake. Mwambie aketi kitini, kisha ainuke bila kujishikilia popote, nawe uwe karibu naye. Walioshindwa hilo nao hatari yao ilikuwa kama mara mbili.

Umesema pia amekonda na anameza vidonge vya usingizi. Mimi ningeanzia hapo kwenye vidonge, maana dawa za jamii ya diazepamu humyumbisha mtu anapoamka usiku kwenda chooni. Tafadhali asiziache ghafla. Daktari ndiye azipunguze taratibu. Macho yapimwe, hasa mtoto wa jicho. Na kama aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu baada ya miaka 50, mwambieni daktari hata asipouliza.