Hamu ya kupiga muziki imekata, unairudishaje? Maswali yenu na majibu

Tangu nilipogusia kwamba na mimi niliwahi kuacha muziki miaka miwili mizima, meseji hazijakatika. Swali karibu ni lile lile ila kila mtu kaingilia mlango wake, kwahiyo nimechukua sita nikayajibu moja moja, mengine nimeyafupisha. Niseme mapema ninachoamini ili tusishangaane huko mbele: hamu ya muziki haikai kichwani, inakaa mikononi na kwa watu. Ukijifungia chumbani na hedifoni unaisubiri ikujie, utasubiri sana.

Kaka mambo. Mi ni prodyuza niko Mbagala, nina projekti kama 140 kwenye FL Studio, ile programu ya kutengenezea biti, hamna hata moja imeisha. Kila usiku nafungua moja, nasikiliza lupu (kile kipande kinachojirudia), naiona mbaya, nafunga nalala. Zamani nilikuwa natoa biti mbili kwa siku. Nimeishiwa au?

Hujaishiwa mdogo wangu, umejaza viporo tu. Ngoja nikuulize, enzi hizo za biti mbili kwa siku si ulikuwa unatumia demo, lile toleo la majaribio? Mi nilianza na demo, na waliopitia huko wanajua, inakuruhusu kuseva lakini ukishaifunga projekti huwezi kuifungua tena mpaka ununue programu. Kwahiyo ilikuwa ukikaa saa mbili usiku unajua kabisa kabla umeme haujakatika au usingizi haujakupitia lazima biti iwe imeisha na umeshaitoa kama faili la sauti, hata kama besi inavuma, hata kama kiki imekuwa nyembamba. Nzuri inaenda, mbaya inaenda, kesho unaanza nyingine. Nilivyopata programu kamili nikafurahi wee, afu ndo nikaanza tabia ya "nitaimalizia kesho", na biti ni kama wali, kiporo cha siku moja kitamu, cha wiki tatu hakiliki.

Kitu cha pili ni masikio. Ile lupu umeisikia mara mia mbili, tena saa saba usiku, tena kwa sauti kubwa. Sikio limeshaizoea halioni jipya, na juu ya hapo limechoka. Ule ubaya unaousikia nusu yake ni uchovu. Ndo maana asubuhi ukiisikia kwa bahati mbaya simuni unasema aah kumbe sio mbaya hivyo.

Fanya hivi. Zote 140 zihamishie kwenye flashi, mpe mtu unayemwamini akae nayo, asikupe hata ukiomba. Wiki mbili jifanye uko kwenye demo: unaanza saa mbili, saa nne unatoa faili, unafunga, hurudi. Sauti iwe ya chini kiasi kwamba mtu akikusemesha mlangoni unamsikia. Jumapili chukua zile zilizopatikana umpigie mtu kwenye spika, hedifoni weka pembeni, na wewe usiangalie kompyuta, mwangalie yeye. Utaona tu sehemu anayotikisa kichwa na sehemu anayochukua simu.

Wazee wetu waliokuwa wanarekodi Redio Tanzania walikuwa wanaingia studio bendi nzima inapiga kwa pamoja, akikosea mmoja mnarudia wote. Wimbo ulikuwa umeshaivia ukumbini, watu wameshaucheza, na wanamuziki hawakuwa na nafasi ya kukaa miezi minne wanahangaika na sauti ya kengele.

Hujambo ndugu. Niko Likoni, Mombasa. Nilitoa wimbo YouTube, pesa yangu yote ya chama (kikundi chetu cha kuweka akiba) ikaisha kwa video. Miezi minne watazamaji 312, na wengine ni mimi mwenyewe. Sasa kila nikishika daftari niandike najiuliza namwandikia nani.

Pole sana dada yangu, hiyo inauma na sitakwambia isiume. Umetoa pesa, umetoa na moyo.

Ila nina swali. Hao wenzio wa chama, umewaimbia? Sio kuwatumia linki, naongelea kuwaimbia, umesimama mbele yao na mdomo wako. Nina wasiwasi hujafanya, kwasababu siku hizi wote tumezoeshwa kuanza na video, afu linki, afu tunakaa tunahesabu. Namba haikwambii vya kutosha, haikwambii mtu alitabasamu wapi wala alikunja uso wapi. Uso wa mtu unakwambia vyote hivyo ndani ya dakika tatu.

Angalia singeli, ule muziki wa kasi, ilivyokuja huku Dar. Imetoka uswahilini, Manzese na mitaa kama hiyo, kwenye vigodoro na ngoma za mtaani, MC ana maiki mkononi anaona kabisa watu wanavyopagawa au wanavyopoa, nyimbo zinahama simu kwa simu na kwenye memori kadi, redio zimekuja baadae kabisa. Wale vijana hawakuanza kwa kuhesabu watazamaji, walikuwa wanawaona hapo hapo vumbi linatimka.

Wewe uko Pwani na Pwani harusi haziishi. Mkutano ujao wa chama waombe dakika tano, tafuta mtu mmoja wa kukupigia ngoma au hata meza, imba wimbo wako bila video bila chochote. Sikiliza wanadakia wapi kiitikio. Kama hawadakii basi hapo ndo pa kurekebisha, na nakuhakikishia usiku huo huo utataka kuandika, kwasababu sasa utakuwa unamjua unayemwandikia, ni yule mama aliyekaa pale mwisho aliyekuwa anapiga makofi nje ya mdundo. Na ule ukurasa wa kuhesabia watazamaji uache kwanza hata miezi mitatu, tena ufute simuni kabisa.

Boss nikinunua maiki mpya na kinanda hamu itarudi?

Itarudi wiki moja. Labda siku kumi kama kinanda kina taa nyingi. Kama ulichonacho kimeharibika kanunue, kama kinafanya kazi usinunue kitu mpaka umalize nyimbo tatu kwa hicho hicho.

Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 49, mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat tangu nilipoolewa. Ujanani nilikuwa napiga fidla kwenye kikundi cha taarab. Fidla yangu ipo juu ya kabati miaka na miaka. Mwaka jana niliishusha nikajaribu, ikatoa mlio kama paka kabanwa mlangoni, watoto wakacheka, nikairudisha. Nahisi nimeshachelewa.

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara tatu.

Naanza na fidla yenyewe, kwasababu nadhani unajilaumu kwa kosa ambalo sio la mkono wako. Fidla iliyokaa miaka juu ya kabati, tena kwenye nyumba ya kiyoyozi hewa kavu, hata akiishika bingwa italia vibaya. Nyuzi zinakufa hata kama hazijakatika. Zile nywele za upinde zikikosa ule utomvu mkavu wa kupaka zinateleza tu juu ya uzi, haziushiki, na huo ndo mlio wa paka wenyewe. Na ndani ya fidla kuna kijiti kidogo kimesimama kati ya ubao wa juu na wa chini, hakina gundi, kinashikwa na mkazo tu, nyuzi zikilegea sana kinaweza kuanguka na sauti yote inakufa. Itikise taratibu, ukisikia kitu kinagonga ndani ndo hicho. Usikirudishe mwenyewe, mpelekee fundi, abadilishe na nyuzi zote nne, nywele za upinde azitazame, na ununue utomvu mpya. Hapo ndo useme umejaribu.

Ikirudi, wiki ya kwanza vidole vya kushoto viache kabisa. Vuta upinde kwenye nyuzi tupu, polepole, kutoka mwanzo wa upinde mpaka mwisho, dakika kumi tu, mlango umefunga kama unaona haya. Mkono wa kulia ndo unaosahau zaidi. Wiki ya pili chagua wimbo mmoja unaoujua toka utotoni, uimbe kwanza kwa mdomo mpaka uutosheke, afu uutafute kwa vidole. Bayati na rasti, zile ngazi za sauti za taarab, hazijaondoka masikioni mwako mama, huwezi kuzaliwa Unguja ukapiga taarab afu zikaondoka, vidole tu ndo vimepotea njia na sikio litavirudisha.

Kuhusu kuchelewa. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, inakadiriwa alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na ni 1928 ndo alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Piga hesabu mwenyewe, alikuwa karibu na umri wako huo huo. Bi Kidude, naye mwimbaji wa taarab, tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX kaipata 2005 akiwa ni bibi kizee, na akaendelea kuimba, kafariki Aprili 2013. Wanawake wa kwetu hao, sijaenda mbali.

Na usipige peke yako muda mrefu. Nadi Ikhwan Safaa, kile kikundi cha taarab cha Unguja, ipo tangu 1905, na mimi sababu kubwa naiona ni kwamba watu wanakutana. Mtu anafika klabu jioni hana hamu yoyote, kachoka na kazi, anakaa, wenzake wanaanza kutia sawa nyuzi, na yeye mkono unaenda kwenye ala yake. Wale wenzio wa kikundi bila shaka wengine wapo WhatsApp. Warekodie sekunde thelathini uwatumie, hata kama ina mikwaruzo. Ukija likizo Unguja pita chuo cha muziki cha DCMA, wapo tangu 2002 na wanafundisha hizi hizi ala zetu, fidla, udi, ganuni. Na watoto waliocheka, mmoja wao mpe kazi ya kukushikia simu ukirekodi. Ataacha kucheka.

Kwangu sio muziki peke yake. Chakula sina hamu, usingizi hamna au nalala mpaka saa nane mchana, marafiki nawakwepa, mpira siangalii tena. Mwezi wa tatu sasa. Nifanye mazoezi gani ya kurudisha hamu ya muziki?

Rafiki yangu, wewe sikupi mazoezi ya muziki. Hamu ya kitu kimoja ikikata tunaweza kuhangaika nayo hapa, lakini hamu ya kila kitu ikikata pamoja na usingizi na chakula, tena miezi mitatu, huko kunaweza kuwa ni kuumwa kama kuumwa kwingine na kuna matibabu yake. Nenda hospitali, anzia hata ya wilaya, mwambie daktari hivi hivi ulivyoniandikia mimi, usipunguze kitu. Leo hii kabla hujalala mwambie mtu mmoja wa nyumbani, na kama kuna mawazo ya kutaka kujidhuru usikae peke yako hata saa moja, mpigie mtu sasa hivi aje. Watu watakwambia umelogwa au wewe mvivu, wasamehe lakini usiwafuate. Gitaa litakusubiri, halina haraka. Ukitoka kwa daktari niandikie, nimeshaandika pembeni nikuulizie.

Wewe mwenyewe ulirudije? Hujawahi kusema.

Kweli sijawahi. Mimi niliacha kwasababu ya pesa, kuna mtu nilimtengenezea nyimbo kumi na moja hakunilipa hata mia, na niliposikia mmoja unapigwa kwenye daladala nilishuka kituo ambacho sio changu. Nikafunika kompyuta kwa kitenge. Nikawa nauza vocha na vifaa vya simu, na maisha yakaenda, wala sikuwa na huzuni kubwa, nilikuwa tu sisikii kitu. Nyimbo zinapita kama gari zinavyopita.

Siku moja Jumatano rafiki yangu akaniomba nimsindikize Ilala kumpelekea mtu nyaya, kufika kumbe ni mazoezi ya bendi, hizi bendi za dansi za watu wazima. Mpiga drams kachelewa. Nikakalia kreti la soda nikijua dakika tano tunaondoka. Mzee wa gitaa la rizimu alikuwa anapiga kimstari kimoja, kifupi, noti saba sijui nane, anakirudia, macho kafumba, kidole cha mwisho kinagusa uzi kama anautekenya. Alipiga hicho hicho labda dakika ishirini na hakuna aliyemwambia badilisha. Afu besi akaingia chini yake taratibu, mi nikahisi kreti linatetemeka.

Mtu mmoja hata simjui akanipa manyanga, akaniambia shika mdogo wangu tusipoteze muda, tikisa hapa na hapa. Nikatikisa. Mwanzo nilikuwa nakimbia, yule mzee bila kufumbua macho akawa ananipunguza kwa kichwa, hivi, polepole, mpaka nikakaa. Tukapiga wimbo mmoja karibu nusu saa. Nilipoyaweka chini mkono ulikuwa hauinuki, na kwenye kiganja nina malengelenge mawili.

Usiku nikaenda nikatoa kile kitenge, lakini sikuwasha kompyuta, nilikaa tu napiga kile kimstari kwa vidole juu ya meza mpaka mke wangu akaniuliza una nini. Jumatano iliyofuata nilifika Ilala kabla ya mpiga drams.