Boti ya mita 5: pipa zima la rezini lina faida?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa Msanga Mkuu, Mtwara. Nataka kuunda boti ya plaiwudi ya mita 5 na kuivika faiba nje. Muuzaji wa Dar es Salaam ananishauri nichukue pipa zima la rezini, ile gundi ya maji inayoshikisha faiba, kwani bei ya kilo inashuka. Nimepanga kununua nikishalipwa korosho. Nitaokoa fedha?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, pipa litakutia hasara. Linabeba kama kilo 220, na boti yako haihitaji hata robo yake.

Tupige hesabu. Chini na ubavuni, boti ya mita 5 ina kama mita za mraba 10. Yako ipime kwa utepe. Chukua mkeka wa faiba wa gramu 450, yaani uzito wa mita moja ya mraba. Tabaka mbili ni kilo 9. Mkeka huo hunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, basi ni kilo 18 hadi 23. Mbao nayo hunywa mkono wa kwanza, kwa hiyo nunua kilo 25. Hata kila kilo ikizidi bei ya pipa kwa shilingi 1,000, umeongeza 25,000 tu. Ukichukua pipa, kilo 195 zinabaki uani kwako.

Na hazitakungoja. Rezini huganda yenyewe ndani ya chombo, na joto huiharakisha. Niliwahi kufungua ndoo iliyolala chini ya bati msimu mzima wa joto. Nilichomeka mti wa kukorogea, ukasimama wima kama mwiko kwenye ugali. Ndoo nzima niliitupa.

Hapo ndipo fedha za korosho zinapotuponza. Zinaingia mwisho wa mwaka, jua likiwa kali na mvua ziko karibuni. Plai unaweza kuinunua wakati huo ukaihifadhi pakavu, imelazwa juu ya vipande vya mbao. Fedha ya rezini itenge hadi Juni, kusi ikivuma na mbao zimekauka. Kama wapo wenzako wenye nia hiyo, agizeni pamoja mgawane nauli ya lori.

Kwenye plai usibane matumizi. Omba kipande cha upana wa kiganja, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, gundi yake si ya majini, na faiba ya juu haitakuokoa. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ina karibu mita 3 za mraba. Kwa boti yako, pamoja na ubao wa nyuma na vipande vitakavyopotea, weka shiti 5 au 6. Na usizipake sifa, yale mafuta ya samaki, kama wazee walivyofanya kwenye mitumbwi: faiba haishiki penye mafuta.

Hadina, dawa ya kugandisha rezini, ni gramu 10 kwa kilo ya rezini, hivyo gramu 250 zinakutosha. Koroga kidogo kidogo, asubuhi, kivulini, umevaa miwani na glavu. Ukiuziwa rezini ambayo kobalti yake, dawa ya kuharakisha kuganda, iko kwenye chupa ya pembeni, koroga kwanza kobalti ndani ya rezini, ndipo utie hadina. Hivyo viwili vikikutana vyenyewe hulipuka, kwa hiyo hata ndani ya lori visafiri mbalimbali.