Shawa ya umeme: bei ya dukani isikudanganye, hela iko kwenye waya

Baridi ya Arusha mwezi wa sita na wa saba haina haja ya kuelezewa, na nyie wa Moshi msitucheke maana ukipanda Kibosho au Marangu ni yale yale. Huu ndo msimu kila mtu anaikumbuka shawa ya umeme na mafundi hawashiki simu. Mi nyumbani ninayo ile ya kichwa cha plastiki, Lorenzetti ya wati 5,500, inapiga kazi vizuri tu, na wageni wakishaoga lazima waulize nimenunua bei gani. Nawaambia shawa ndo ilikuwa kitu cha bei chee kuliko vyote pale bafuni, waya na ethi (ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ndo vilikula hela. Wengi hawalipendi hilo jibu.

Piga hesabu kidogo. Wati 5,500 gawanya kwa volti 230 zetu, unapata kama ampea 24. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Sasa fundi akikwambia "kaka hii haina shida, tunavuta hapo kwenye soketi ya koridoni", mwambie asante, mpe nauli aende zake. Mi niliambiwa hivyo hivyo na fundi wa kwanza, kijana mzuri tu, anaongea vizuri, nikamuuliza waya wa soketi ni wa unene gani akasema wa 2.5, yaani mili za mraba, nikamuuliza na shawa inataka ngapi akaanza kuangalia dari. Shawa ya wati 5,500 ivutiwe waya wake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, usiopungua mili 4, na kama bafu liko mbali au unawaza kuja kuweka ya wati 7,500 baadaye basi weka wa mili 6 moja kwa moja. Breka yake peke yake ya ampea 32, alafu swichi ya DP ile kubwa yenye taa nyekundu, inayokata waya wa moto (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) kwa pamoja, ikae nje ya bafu au mahali ambapo mtu mwenye mikono ya maji hafiki. Waya usichanganyike na taa wala pasi wala friji.

Na pale juu waya za shawa zinapokutana na za nyumba usikubali zisokotwe na kuzungushiwa tepu nyeusi. Ile sehemu inapata moto sana. Weka konekta ya kaure, tepu inayeyuka.

Haya, ethi. Hapa naomba tutulie maana ndo sehemu watu wanapoumia. Hizi shawa nyingi za bei ya kawaida elementi yake iko wazi ndani ya maji, yaani ule mzunguko wa waya unaopata moto unagusana na maji unayojimwagia. Maji yenye madini mengi yanapitisha umeme zaidi, na huku kwetu kuzunguka Meru maji ya visima yana madini kweli kweli, hata meno yetu ya kahawia yanajulikana. Kwahiyo kuna umeme kidogo unavuja, na kazi ya ule waya wa kijani na njano ni kuupeleka ardhini kabla haujapita kwako. Mtu akikwambia "shawa yangu inapiga shoti kidogo tu nikishika koki, nimezoea", huyo hana ethi, na asizoee.

Zamani mafundi walikuwa wanafunga ethi kwenye bomba la maji na kwa vile mabomba yalikuwa ya chuma yanaenda mpaka chini ardhini ilikuwa inasaidia kiasi. Leo nyumba nyingi tunapiga PPR, plastiki tupu, ukifunga ethi hapo umefunga hewani, lakini bado kuna fundi anafanya hivyo kwa mazoea. Wengine wanaifunga kwenye nyutro. Hiyo ndo mbaya kabisa, siku nyutro ikikatika huko nje kila kilichofungwa kwenye hiyo ethi kinakuwa na umeme. Dai ethi rodi ya shaba iliyochimbiwa nje, sehemu yenye unyevu, sio kwenye kifusi kikavu nyuma ya choo, na fundi aipime kwa mashine yake mbele yako. Juu ya hapo ongeza ile breka inayokata umeme ukivuja, ya milliampea 30, yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Kama maji yako ni ya kisima na hiyo breka inaruka kila ukioga, usiitoe, badilisha shawa uchukue yenye elementi iliyofunikwa. Ghali kidogo ila unaoga umetulia. Na fundi awe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, hilo usione aibu kumuuliza.

Kwenye maji kuna mambo machache tu. Shawa inajiwasha yenyewe pale maji yanaposukuma kile kipande cha mpira ndani mpaka vishikizo vigusane, kwahiyo kama simtanki yako imekaa chini ya dari usawa na shawa presha haitoshi na haiwaki, utalaumu umeme bure. Inua tanki, walau mita moja na zaidi kutoka kwenye shawa, mbili ni bora. Weka get valvu yake pale bafuni ili uweze kupunguza maji.

Maana malalamiko makubwa ni "haichemshi". Inachemsha, ila unafungulia maji mengi. Chukua chupa ya lita moja na nusu, iweke chini ya shawa uangalie saa. Ikijaa kwa nusu dakika una lita tatu kwa dakika, na kwa wati 5,500 hayo maji yanapanda kama nyuzi 26, yaani yakiingia na nyuzi 16 yanatoka na 42, hapo unaimba kabisa. Ikijaa kwa robo dakika yanapanda nyuzi 13 tu, umeoga vuguvugu la kukera. Alafu jioni umeme ukiwa mdogo, ukishuka mpaka volti 190, nguvu ya shawa inapungua karibu theluthi nzima, kwahiyo punguza maji zaidi au oga mapema.

Siku ya kwanza kabla ya kuwasha swichi weka shawa kwenye baridi, fungulia maji yatiririke vizuri mpaka hewa iishe, ndo uwashe. Elementi ikipata moto bila maji inakufa palepale na duka halikurudishii. Fanya hivyo hivyo kila maji yakikatika na kurudi, na sote tunajua yanavyokatika, yakirudi yanakuja yanakohoa na hewa. Na ule mshale wa baridi, kiasi na moto usiuzungushe maji yakiwa yanatoka, funga kwanza.

LUKU je? Watu watano, kila mmoja dakika nane kwa siku, ni kama uniti 3.7, kwa mwezi 110. Ile tarifu ya watumiaji wadogo mwisho wake uniti 75, kwahiyo ukiwa huko jua shawa peke yake inakutoa. Kwangu wageni wanaoga, vijana wa nyumbani nawagongea mlango.

Baada ya mwezi mmoja hivi zima breka, fungua ile konekta ya juu ukaze skrubu upya maana waya ukipata moto na kupoa unalegea, na ukiona plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia pale pembeni usiwashe tena mpaka fundi aje.