Maswali ya Wasomaji: Shahada Kwanza au Kazi Kwanza?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 20. Tangu nimalize sekondari nimejifundisha mwenyewe mfumo endeshi wa Linux na lugha ya programu ya Python, na mwaka jana nilianza kutuma viraka, yaani marekebisho ya msimbo, kwenye mradi mmoja wa programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Vichache vimepokelewa. Kampuni ndogo inayotunza seva za wateja imeiona kazi hiyo, ikanipa nafasi ya msaidizi wa msimamizi wa mifumo. Wakati huohuo nimechaguliwa chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta kwa miaka minne, na baba yuko tayari kulipa ada. Baba anasema bila shahada sitafika popote. Rafiki yangu, ambaye anafanya kazi hizi, anasema chuoni nitafundishwa mambo yaliyopitwa na wakati, na kwamba hata Bill Gates aliacha chuo. Jambo jingine linanisumbua: kiraka changu cha mwisho kilirudishwa. Msimamizi wa mradi aliuliza, “Itakuwaje faili likiwa na mistari laki moja?” Nikakosa jibu. Niende wapi?
Aliye Njia Panda

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nenda chuo, na hiyo kampuni usiiache ikuponyoke. Nitaeleza, ila kwanza nimalizane na rafiki yako.

Gates aliondoka Harvard, kweli, akaenda kujenga kampuni iliyotajirika kwa kuuza programu zilizofungwa. Kumfanya kielelezo cha programu huria ni kichekesho. Ukitaka mtu wa ukoo wetu, mtazame Linus Torvalds. Alipoitangaza Linux mwezi Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na alikuwa amekisoma vizuri kitabu cha mifumo endeshi cha Profesa Andrew Tanenbaum, pamoja na Minix, mfumo mdogo ambao profesa huyo aliuandika kwa ajili ya kufundishia. Chuo hakukiacha. Aliendelea kusoma huku kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikikua mikononi mwake, na tasnifu yake ya uzamili ikawa juu ya kuiwezesha Linux kufanya kazi kwenye aina mbalimbali za mashine. Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo unaojengwa juu ya Linux, mwaka 1993 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue. PostgreSQL, hifadhidata ambayo huenda ukaikuta kwenye seva za hao waliokuita kazini, ilianza mwaka 1986 kama mradi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Leseni mbili zinazotumika sana kwetu, ya BSD na ya MIT, zimepata majina yao vyuoni. Anayekwambia kwamba chuo na programu huria ni paka na panya hajui hii kazi ilikotoka.

Sasa tuje kwako. Mimi huwa nakaa kwenye usaili wa wasimamizi wa mifumo, na nina swali moja nilipendalo. Namkalisha mtu mbele ya mashine ambayo diski yake imejaa. Amri ya df, inayoonyesha nafasi iliyotumika, inasema asilimia 100. Ukijumlisha ukubwa wa mafaili kwa amri ya du, hayafiki hata nusu ya diski. Nafasi imekwenda wapi?

Aliyejifunzia kazini hutabasamu, maana hili ameshaliona. Anazima huduma ya wavuti, anaiwasha tena, na nafasi inarudi. Vizuri. Namuuliza kwa nini imerudi. Hapo husema, “Huwa inafanya hivyo.” Aliyetoka chuoni na alama za juu huomba karatasi, akanichorea: jina la faili ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili lenyewe, ukifuta jina huku programu fulani bado imelifungua faili hilo, data haziondoki mpaka programu ilifunge. Maelezo matamu kabisa. Namwambia, haya, nionyeshe ni programu ipi imelishikilia. Vidole vinaganda juu ya kibodi, maana hajawahi kuisikia lsof, amri inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa.

Ninayemwajiri ni yule anayeandika lsof +L1, akaliona faili la kumbukumbu za matukio (log) lililofutwa likiwa bado limeshikwa, na ana habari kwamba anaweza kulipunguza hadi sifuri kupitia /proc, saraka ambamo kerneli huonyesha programu zinazoendelea, bila kuizima huduma ambayo watu wanaitumia saa hiyohiyo. Huyo amepita kote kuwili. Alianzia wapi, hainihusu.

Kiraka chako kimerudi kwa sababu hiyo hiyo: umepita upande mmoja tu, wa kutenda, bila ule wa “kwa nini”. Sijakiona, lakini nadhani ulikuwa unatafuta mistari inayojirudia, ukalinganisha kila mstari na kila mstari mwingine. Kwa mistari 100, hiyo ni milinganisho kama 10,000, na kompyuta haihisi chochote. Kwa mistari 100,000 inakuwa bilioni 10, na mtumiaji ataapa kwamba programu imeganda. Ukilipitia faili mara moja tu, kila mstari ukiuweka kwenye seti ya Python, mkusanyiko unaojua papo hapo kama kitu kimo, na kuuliza kama umeshawahi kuuona, kazi inashuka hadi hatua 100,000. Programu ni ile ile na matokeo ni yale yale. Swali la msimamizi lilikuwa somo la muhula wa kwanza au wa pili la miundo ya data, ila amelifupisha kwa sentensi moja kwa sababu ana viraka vingine vya kusoma.

Utaniambia kwamba haya yamo vitabuni na hayahitaji ada. Ni kweli, yamo, na mengi ni ya bure. Lakini ukishaajiriwa, simu italia saa nane za usiku seva ya mteja imeanguka, na ikifika wikendi hutataka kusikia habari ya miundo ya data. Mimi nilianza kazi kwanza, shahada nikaichukua baadaye kwa masomo ya jioni. Mhadhiri anaeleza jinsi kerneli inavyogawa zamu za prosesa, na simu yangu inatetemeka mezani kwa sababu prosesa moja mahali fulani imezidiwa. Nilimaliza, na yalinifaa sana. Lakini mtu aliyepewa miaka minne ya kukaa na maswali ya “kwa nini” huku ada analipiwa, simshauri aikatae ili aje kuitafuta kwa tochi akiwa na miaka 30.

Kuna na suala la karatasi, ambalo rafiki yako hakulitaja. Miradi yenyewe haiulizi. Ukituma kiraka kwenye kerneli ya Linux, unatakiwa uweke mstari wa Signed-off-by, yaani unathibitisha kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo. Shahada haitajwi popote. Debian wanapompokea mwanachama mpya wanataka wamtambue, akubaliane na misingi yao na aonyeshe kazi aliyofanya. Wanaouliza ni wengine: idara za utumishi, serikali, na ofisi za uhamiaji. Mfano mmoja: viza ya kazi ya H-1B ya Marekani hudai shahada au kinacholingana nayo, na katika hesabu wanayotumia, miaka mitatu ya uzoefu husimama badala ya mwaka mmoja wa chuo. Shahada ya miaka minne, basi, inafidiwa kwa miaka 12 ya kazi. Unaweza usiote kwenda huko kamwe. Lakini mlango ukiwa wazi leo, ufunge kwa sababu gani?

Haya, ukiwa chuoni ufanye nini? Viraka visikome. Nimeshapokea wasifu wa wahitimu wengi ambao mradi wao wa mwaka wa mwisho ni mfumo wa kuazima vitabu vya maktaba, ulioandikwa upya kutoka mwanzo, ukasahihishwa, ukazikwa. Wewe mwombe msimamizi wako wa masomo ukubaliwe kufanya sehemu ya mradi ulio hai, wenye watumiaji na watu wa kukukosoa. Kabla hujaanza, soma kanuni za chuo kuhusu nani anamiliki kazi ya mwanafunzi, maana huwezi kuitoa kwa leseni huria kazi isiyo yako. Na likizo usizipoteze. Google Summer of Code, inayoendeshwa tangu 2005, hulipa posho kwa kazi ya miezi kadhaa chini ya mlezi kutoka kwenye mradi. Zamani ilikuwa ya wanafunzi tu, lakini tangu 2022 imefunguliwa kwa yeyote aliyefikisha miaka 18 ambaye ni mgeni katika programu huria. Outreachy nayo hulipa wanaojifunza kazi kwa vitendo, na inawalenga hasa watu wa makundi yasiyoonekana sana katika fani hii.

Kuhusu kampuni: nenda ukazungumze nao ana kwa ana. Waambie umechaguliwa chuo, na kwamba ungependa kufanya nao kazi kwa saa chache kwa wiki na wakati wa likizo. Wamekutafuta wenyewe baada ya kuona kazi yako, kwa hiyo una nguvu kidogo ya kujadiliana. Wakikubali, soma mkataba kifungu kwa kifungu. Baadhi ya mikataba humpa mwajiri haki ya kila msimbo utakaouandika, hata ule wa usiku nyumbani kwako. Omba kiandikwe wazi kwamba viraka vyako vya programu huria ni ruksa.

Jibu langu lingegeuka kama ada ungeikopa. Hapo ningesema chukua kazi, tafuta chuo cha jioni au cha masafa, na usome polepole kwa mshahara wako. Deni kubwa humfunga mtu kwenye kazi asiyoitaka kwa miaka mingi.

SWALI: Nina cheti cha LPIC-1, cha usimamizi wa Linux. Je, kinaweza kusimama badala ya shahada?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Badala ya shahada, hapana, na waliokitunga hawakudai hivyo. LPIC-1 ni mitihani miwili, 101 na 102, na kinadumu miaka mitano. Kinamwonyesha mwajiri kwamba amri za msingi unazijua, na kwa kazi ya kwanza hilo linatosha kukufikisha kwenye usaili. Ukipata nafasi, jaribu RHCSA, cheti cha wasimamizi wa mifumo cha kampuni ya Red Hat. Hakuna maswali ya kuchagua: unakaa mbele ya mifumo halisi, unatengeneza ulichoambiwa, na mpangilio wako lazima uwe bado unafanya kazi baada ya mashine kuwashwa upya. Nikiona cheti hicho, maswali yangu ya usaili hupungua.

SWALI: Mwanangu anakesha akifanya kazi ya bure kwa watu asiowajua, eti programu huria. Sielewi wanaofaidika ni akina nani.
Mama wa kijana mmoja

JIBU: Shikamoo mama. Makampuni makubwa yanafaidika, sitakuficha. Ila mengi yanalipa pia: sehemu kubwa ya kazi ya kerneli ya Linux hufanywa na watu walioajiriwa, na wengi wao walionekana kwanza kwa kazi za kujitolea kama hizo za mwanao. Jina lake linabaki kwenye historia ya mradi, na yeyote anayetaka kumwajiri anaweza kuisoma kazi yenyewe badala ya kuamini maneno. Muombe akufungulie mazungumzo kati yake na wasimamizi wa mradi, akusomee wanavyomkosoa na anavyojibu. Ukiona wanamrekebisha naye anapanda, mwache aendelee. Ukiona ni miezi anaandika na hakuna anayemjibu, mwambie ahamie mradi mwingine. Na saa ya kulala panga wewe, hakuna kiraka kisichoweza kungoja asubuhi.