Jibu: Wasanii kwenye tuzo za filamu huimba kweli ama huchezesha midomo?

Ndugu, umeuliza kama wanaotumbuiza kwenye tuzo za filamu zinazoonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga huimba kweli. Nimevuta nyaya kwenye hafla tatu za aina hiyo hapa Nairobi, nikiwa msaidizi wa fundi wa sauti, na jibu langu ni kwamba wengi huimba nusu. Muziki wote uko kwenye flashi, na chini yake sauti ya msanii mwenyewe iliyorekodiwa studio, imepunguzwa. Juu yake maiki iko wazi, naye anaimba. Akiishiwa na pumzi kwa kucheza, ile ya chini inambeba.

Usikimbilie kuwaita wavivu. Bendi ya watu watano yenye ngoma inaweza kuhitaji maiki kumi na kitu, na kila moja ijaribiwe. Sisi tulikuwa tunapewa mapumziko ya matangazo tu, dakika tatu hivi, na ndani ya hizo tuondoe kimimbari cha watoa tuzo, tufagie karatasi zinazong'aa na tupishane na wacheza densi gizani. Hata Oscar wana shida ya nafasi. Mwaka 2013 okestra yao haikuwa ukumbini kabisa, ilipigia kwenye jengo la studio za Capitol Records, kama kilomita moja na nusu kutoka ukumbi wenyewe, Dolby Theatre, na sauti ikapelekwa kwa waya. Lakini walipiga kweli, kwa sababu ni okestra inayomfukuza kwa muziki, papo hapo, mshindi anayeshukuru ukoo mzima. Kwetu kazi hiyo hufanywa na DJ, na nimeona DJ akiogopa kumkatiza mzee wa watu.

Hafla ya pili ndiyo iliyonifunza. Dada mmoja, jina kubwa tu, alifungua shoo. Katikati ya ubeti wa pili betri ya maiki yake ikafa. Fundi akapandisha ile sauti ya chini, dada akaendelea kana kwamba hakuna kitu, ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Sisi nyuma tulikuwa tumelowa jasho.

Baadaye ikaja bendi ya benga. Wazee hao walikataa flashi katakata: gita lipigwe au warudi nyumbani. Tukawapanga juu ya jukwaa la magurudumu nyuma ya pazia, lakini gita la besi likagoma kutoa sauti. Mwelekezi akawaambia watoa tuzo wawili, waigizaji wa vichekesho, wavute muda. Yule wa kiume aliiweka bahasha mfukoni akajifanya ameipoteza, wakabishana mpaka waya ukabadilishwa. (Mtandaoni watu waliwatukana eti hawakufanya mazoezi.) Kisha pazia likafunguka, na lile gita lilivyolia, hata walinzi wa mlangoni waliingia kutazama.

Kwa hiyo ukitaka kujua ukiwa kwenye kochi lako, usitazame midomo, tazama nyaya. Ngoma isiyo na hata maiki moja mbele yake mara nyingi ni pambo. Gita la umeme lisilo na waya wala kijisanduku cha redio kwenye mkanda, hivyo hivyo.

Usiku huo mama alinipigia simu nikiwa bado nakunja nyaya. Alisema yule dada wa mwanzo ana sauti safi kweli, ila wale wazee gita lao lilikuwa na kelele kidogo.