Jibu: Mdogo wangu ana MS (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo) ya kurudirudi, aanze na dawa ya interferoni au rituksimabu?

Pole sana dada. Mimi pia ninayo MS hiyohiyo, nipo Ngamiani, Tanga. Kabla ya kuchagua dawa, hakikisheni si NMO, ugonjwa mwingine wa kinga unaoshambulia hasa neva za macho na uti wa mgongo. Magonjwa haya yanafanana, na interferoni inaweza kumzidishia mwenye NMO. Kuna kipimo chake cha damu, kiulizieni.

Interferoni ilinishinda: inataka friji, na umeme ukikatika nilikuwa nakimbilia barafu kwa wauza samaki wa Deep Sea, sindano nimezifunga kwenye kitambaa zisigande. Sasa natundikiwa dripu ya rituksimabu kila miezi 6. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023. Ila apimwe kwanza homa ya ini B na TB. Na kama anatarajia kuzaa, daktari ajue mapema.