Shukeni Moro, ila mkirudi: majibu ya maswali yenu ya treni na watoto

SWALI: Mbukwenyi dada. Niko Ipagala hapa Dodoma, nina watoto watatu, wa miaka 9, 5 na mdogo ana miwili na nusu. Likizo ya Juni tunaenda Dar na SGR, ile treni ya reli ya kisasa, sasa baba yao anataka tushuke Moro tulale siku mbili ndo tuendelee. Mi naona ni kuchoma hela ya tiketi na kuchosha watoto bure, Dar yenyewe si kama masaa manne tu? Tuamulie.
Mama wa Watatu, Ipagala

JIBU: Mbukwa mama. Kwenye hela baba watoto kashinda. Nauli za SGR zinapigwa kwa kilomita, zilipoanza 2024 Dodoma hadi Dar daraja la kawaida ilikuwa 31,000 na Moro hadi Dar 13,000, kwa hiyo hata ukiikata safari vipande viwili jumla inarudi palepale au inapishana kidogo sana. Mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu na chini ya miaka 4 ni bure, yaani huyo mdogo wenu halipiwi ila mjue mtampakata kwa zamu njia nzima, na kama ni mtoto wa mwili mkubwa beba kopi ya cheti cha kuzaliwa usije ukaanza kubishana umri wa mwanao pale getini watu wamejaa nyuma yako.

Sasa wanapokwama wengi ni hapa, tiketi ya SGR ni ya treni fulani saa fulani siti fulani, ukikata Dodoma–Dar ukashuka Moro kile kipande kilichobaki ndo kimekufa hivyo, huwezi kupanda nacho kesho yake. Kwa hiyo mkiamua kushuka kateni tiketi mbili tangu mwanzo, na za familia nzima kwa mkupuo mmoja ili mkae jirani, maana ukikata moja leo nyingine keshokutwa utakuta baba yuko behewa lingine anasoma gazeti wakati wewe una watoto watatu. Na kabla ya kulipa angalia treni uliyochagua inasimama wapi na wapi, za haraka zinaruka vituo.

Kwenye uchovu lakini niko upande wako. Kinachochosha watoto siyo kukaa kwenye treni, ni kupanda na kushuka. Stesheni ya SGR Moro iko huko Kihonda, siyo katikati ya mji, kwa hiyo ni mabegi, bajaji, kutafuta gesti, kufungua mabegi, halafu kesho yake unayafunga tena. Kwa usiku mmoja haina maana kabisa, usiku miwili sawa.

Ila mi ningewaambia hivi: shukeni Moro, lakini mkirudi. Mkiwa mnaenda akili ya watoto iko baharini, utawapeleka Rock Garden pale chini ya Uluguru maji yanateremka kwenye mawe vizuri kabisa, wao wanauliza tu Dar lini. Mkiwa mnarudi wameshaoga bahari, wameshavuka Kigamboni na pantoni mara wanavyotaka, joto la Dar limewachosha, hapo Moro yenye hewa ya mlimani inawapoza. Na mkija na nguvu mnaweza kuibia siku moja Mikumi, ni kama kilomita 100 kwa gari na barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, twiga watoto wanaweza kuwaona hata kabla hamjafika getini. Jingine, ndizi na matunda ya soko la Chifu Kingalu utayanunua ukiwa unakuja nyumbani, siyo uyabebe mpaka Dar yaivie kwenye begi juu ya nguo.

Halafu usikate ya Ijumaa jioni. Watumishi wote wa Dodoma wenye familia Dar wako kwenye hiyo treni, na Juni bunge la bajeti bado liko mjini, siti zinaisha mapema. Jumanne au Jumatano utapata kwa raha.

SWALI: Salaam. Nataka kuwapeleka watoto kwa bibi yao Kigoma na treni ya kawaida, wako wanne, mkubwa ana 11. Nilitaka tushuke Tabora tulale, kesho yake tuendelee. Inawezekana? Baba Wanne, Mkonze

JIBU: Kushuka inawezekana baba, kuendelea kesho yake ndo shida. Hii siyo SGR yenye treni kadhaa kwa siku, treni ya Kigoma haitembei kila siku, ukishuka Tabora unasubiri inayofuata na hiyo inaweza kuwa baada ya siku mbili tatu. Kama una ndugu Tabora wa kuwapokea watu sita sawa, kama huna hiyo ni hela ya gesti na chakula cha bure. Nenda stesheni ukaulize ratiba ya wiki hiyohiyo unayosafiri, usiende na ya mwaka jana aliyokupa jirani, na kama ni masika uliza mara mbili, hii njia ina historia ya kukatwa na maji.

Na kusema ukweli hamuhitaji kushuka. Tabora ndo njia panda ya Mwanza na Kigoma, treni inasimama pale muda mrefu mabehewa yakipangwa, watoto watanyoosha miguu, mtakula, mtanunua asali. Hela ya gesti weka kwenye daraja la pili la kulala. Chumba kina vitanda sita, na kawaida wanaume na wanawake wanatenganishwa, isipokuwa mkikijaza wenyewe, na nyie na mama yao ni sita kamili! Mnafunga mlango mnalala, wakubwa wapande vitanda vya juu, mdogo alale chini na mama. Daraja la tatu la kukaa na watoto wanne usiku kucha sikushauri hata kama bei inavutia.

Chakula usibebe kingi, huku njiani Manyoni na Itigi watu wanauza mpaka dirishani na kuku wa kienyeji wa Singida unamjua mwenyewe. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, tochi, mashuka mazito maana usiku wa Juni huku kwetu baridi inauma, na chandarua cha kutumia mkifika, Kigoma mbu siyo wa mchezo kama mlivyozoea Mkonze.

SWALI: Wanangu wa miaka 6 na 4 wakikosa simu ni vita. Nitawashikaje masaa yote hayo mpaka Dar? Mama Pacha Hewa, Area D

JIBU: Jina limenichekesha. Kata treni ya mchana, ya usiku dirisha ni giza tupu hata mimi ningeomba simu. Mkitoka Dodoma waache na simu yao kwanza maana mpaka Gulwe ni tambarare na mibuyu, wataona mibuyu mitatu wachoke. Kidete mkishapita ndo uwanyang'anye, hapo treni inaingia milimani mpaka Kilosa na kuna mahandaki manne, refu kuliko yote linazidi kilomita moja, waambie wahesabu na anayekosea anampa mwenzie biskuti. Mto Mkondoa uko hukohuko, na reli ya zamani waliyojenga Wajerumani ikafika Dodoma 1910 nayo imepita bonde hilohilo, wakiiona waulize ipi nyembamba. Baada ya Kilosa kuna mkonge, halafu Uluguru inaanza kuonekana, na Moro abiria wanapanda na kushuka hiyo nayo ni sinema. Kuanzia hapo warudishie simu, au kama una bahati wameshalala.